Mkoloni Alikwenda, "Boi" Akabaki

(Haya ni maneno yaliyosemwa na mwenezi wa Chama mbele ya wanachama na wapenzi wa Chama, katika mkutano wa tawi uliofanyika Jumapili alasiri.)



Karatasi ya mkutano yasema kwamba sasa ni zamu yetu kuwaeleza juu ya uandikishaji wa wanachama wapya. Habari hiyo ni njema nasi tutaieleza, lakini si leo. Leo tumeomba ruhusa kwa Mwenyekiti tuseme juu ya sahani 9 za wali na maharage, naye amekubali, ijapokuwa alicheka kwanza.

Wiki tatu zilizopita tulikutana hapa hapa. Mkutano ulikuwa mzuri sana. Tulisema juu ya bei ya mazao, juu ya haki ya mnyonge, juu ya watu wenye vyeo wasiojua tena njia ya kwenda kwa wananchi, na makofi tukapiga mpaka viganja vikawaka moto. Ilipotimia saa nane tukafunga, na kwa kuwa njaa haina itikadi, tukatoka kundi zima tukaenda kula kwa yule mama ntilie aliye nyuma ya soko, chini ya mwembe. Wengi wenu mlikuwapo. Na sisi tulikuwapo.

Yaliyotokea pale mnayajua, lakini yafaa yasemwe kwa sauti. Sahani zilizotoka jikoni zilikuwa 23. Zilizolipwa ni 14. Sahani moja ni shilingi 2,500, kwa hiyo pengo ni shilingi 22,500. Mmoja wetu aliona maharage yamepoa, akausukuma mchuzi mezani kwa hasira, ukamwagikia kanga ya yule binti anayepakua. Mwingine alimshika binti huyo mkono asimwachie, huku akimwuliza kama ameolewa, na benchi zima likacheka. Na yule mzee anayechanja kuni na kuosha vyombo, mwenye mvi kama za wazee waliokaa hapa mbele, aliitwa kwa kupigiwa kidole: "We boi, lete maji ya kunawa!" Aliyemwita hajafika miaka thelathini.

Sisi hatukucheka. Lakini hatukusema neno, tukala tukaondoka, na mwenezi wa Chama aliyenyamaza mahali kama pale hana sababu ya kujitenga na waliocheka.

Kesho yake asubuhi tulipita kunywa chai. Yule mama hakutulalamikia. Alifungua daftari lake, daftari la shule la kurasa 32, akasema kwa upole kabisa, "Mwalimu, watu wako jana walikula vizuri." Akafunga daftari, akatumiminia chai. Ndugu zetu, laiti angetutukana. Baadaye ndipo tulipojua kwa majirani kwamba fedha ile itatoka kwa binti, kwa kuwa yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuwaangalia walaji wasiondoke bila kulipa. Binti yule hupata shilingi 5,000 kwa siku. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne aiweza: siku nne na nusu za kuamka saa kumi alfajiri, kuchota maji, kuchambua mchele na kupakua, ili mwanachama wa Chama cha wanyonge ale bure.

Hivyo leo twasema juu ya jambo hili: jinsi sisi wateja tunavyowatenda watu wanaotuuzia na kutulisha. Mtu wa dukani, mtumishi wa hoteli, dada wa baa, kijana wa chipsi, mama ntilie na msaidizi wake.

Tuanze na neno lenyewe. "Boi" ni neno la Kiingereza, na maana yake ni mtoto wa kiume. Alipotutawala Mwingereza alikuwa na boi wa nyumba, boi wa ofisi na boi wa hoteli. Mtu mzima aliyekwisha oa na kuzaa watoto sita, aliyezika wazazi wake wote wawili na kukalia baraza la ukoo wake, alivalishwa kanzu nyeupe na tarbushi nyekundu, akasimama nyuma ya kiti na kuitwa mtoto na kijana aliyeshuka melini juzi. Haikuwa bahati mbaya ya lugha. Mtoto hana mshahara, hupewa tu cha kumtosha. Mtoto hajadiliani wala hana jina la ukoo, na akikosa huchapwa. Neno moja lilifanya kazi ya sheria nyingi.

Na sheria nazo zilikuwapo. Hapa Tanganyika ilikuwapo sheria ya mwaka 1923 ya mabwana na watumishi wenyeji. Kwa sheria hiyo mtumishi aliyeacha kazi kabla ya muda wa mkataba wake hakuhesabiwa kuwa amevunja mapatano tu, bali alikuwa mkosaji wa kushitakiwa na kuadhibiwa. Ndugu zetu wa Kenya nao walitiwa kipande shingoni, ndani ya kijaluba cha bati, na humo bwana mmoja aliandika habari za mtumishi ili bwana mwingine azisome.

Wako wanaodhani kwamba watumishi wale walikubali tu. Hawakukubali. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, liliundwa mwaka 1955, na Katibu Mkuu wake wa kwanza alikuwa Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Mwaka 1956 watumishi wa majumbani na mahotelini mjini Dar es Salaam waligoma. Fikirini maana yake. Mtu wa bandarini akigoma, meli husimama na magazeti huandika. Boi akigoma, bwana hukosa chai ya asubuhi, na kwa mara ya kwanza humwona boi kwa kuwa hayupo. Mwaka uliofuata, 1957, kima cha chini cha mshahara kikawekwa Dar es Salaam. Hatusemi kwamba kilitokana na mgomo ule peke yake, lakini hatupendi kusikia kwamba uhuru uliletwa na waliojua kusoma hotuba tu. Wamo waliobeba trei.

Tena jambo hili si la kwetu peke yetu. Marekani, utumwa ulipokwisha mwaka 1865, kampuni ya Pullman iliyokuwa na mabehewa ya kulala ya garimoshi ikawaajiri watu weusi waliotoka utumwani, na baadaye wana wao, kuwatandikia abiria vitanda, kung'arisha viatu na kubeba mizigo. Mwenye kampuni aliitwa George Pullman. Basi abiria wakawaita watumishi wote George. Awe mzee, awe kijana, awe amesoma chuo, yeye ni George, kama vile mtumwa alivyoitwa zamani kwa jina la mwenye kummiliki. Mshahara ulikuwa mdogo makusudi, kwa kuwa ilitazamiwa kwamba mtumishi ataishi kwa bakshishi, na mwenye kuishi kwa bakshishi hana budi kutabasamu hata akitemewa mate. Mwaka 1925 watu hawa walianzisha chama chao chini ya A. Philip Randolph. Walipambana na kampuni miaka 12. Mwaka 1937 kampuni ikatia sahihi mapatano nao. Na Randolph huyo huyo ndiye aliyekuwa kiongozi wa maandamano makubwa ya Washington ya mwaka 1963, ambayo sisi husikia jina la Martin Luther King tu.

Katika nchi hiyo hiyo, tarehe 1 Februari 1960, wanafunzi wanne weusi waliketi kwenye meza ya chakula ya duka la Woolworth katika mji wa Greensboro, wakaagiza, wakakataliwa, wakabaki wamekaa. Habari hii twaijua. Isiyosemwa sana ni hii: duka lilipokubali mwezi Julai mwaka ule kuwahudumia watu wote, watu weusi wa kwanza kula pale walikuwa wafanyakazi wa duka lenyewe. Yaani siku zote walifanya kazi ndani ya duka, walizunguka kati ya sahani na meza, lakini kiti cha kuketi na kula hawakuwa nacho. Tukisimulia ushujaa wa wanafunzi, tuwakumbuke na wale waliosimama upande wa pili wa meza.

Haya, turudi nyumbani. Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961. Wazungu wakaondoka ofisini mmoja mmoja, na watu wetu wakakalia viti vyao, tukawaita manaizi. Wengi walifanya kazi nzuri. Lakini wako waliorithi kiti wakarithi na mdomo. Akiingia hotelini, mahali ambapo baba yake asingethubutu kuketi, hakuona njia nyingine ya kuonyesha kwamba uhuru umefika ila kupiga meza na kuita "Boi!" Sauti ni ile ile, rangi ya mkono tu ndiyo iliyobadilika. Mwitwaji naye alikuwa Mwafrika kwanza na Mwafrika baadaye, kwa hiyo yeye hakuona mabadiliko.

TANU yenyewe iliuona ugonjwa huo. Mwongozo wake wa mwaka 1971, katika kifungu cha 15, ulimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wakaushika mkononi kama hati ya shamba. Katika miaka iliyofuata viwanda kadhaa viligoma, na yafaa vijana wajue kwamba migomo mingi haikuwa ya mshahara. Watu waligoma kwa sababu meneja aliwatukana. Walikuwa tayari kustahimili ujira mdogo kuliko kustahimili kuitwa mbwa.

Basi tukamkataza bwana kumtukana mfanyakazi. Nani amemkataza mteja? Mfanyakazi wa kiwandani ana bwana mmoja, naye humjua tabia yake, ajua siku aliyoamka vibaya. Mtumishi wa hoteli ana mabwana 200 kwa siku, na kila mmoja aja na hasira aliyoitoa kwake. Amegombana na mkewe, amenyimwa mkopo, amepigwa faini barabarani, timu yake imefungwa. Hawezi kumjibu mkewe, wala benki, wala askari. Anamwona kijana aliyebeba sahani, ambaye hawezi kujibu kwa kuwa akijibu atafukuzwa. Hapo ndipo atakapotua mzigo wake.

Tena wamempa silaha ya maneno, wamembandikia ukutani: "Mteja ni mfalme." Ndugu zetu, neno hili twaliomba liangaliwe vizuri. Mwaka 1963 nchi hii iliufuta kwa sheria utawala wa machifu, watu waliokuwa na ukoo, ngoma na makaburi ya mababu yanayojulikana. Leo kila mwenye shilingi 2,500 atawazwa mfalme juu ya benchi la mbao lenye mguu mmoja mbovu. Utawala wake wadumu dakika 20, na katika dakika hizo raia wake ni binti mmoja. Biashara ni mapatano ya watu wawili: mimi nina fedha, wewe una wali. Ufalme umeingilia wapi?

Twajua liko jibu ambalo wazee hapa mbele wanalo midomoni, maana tumewaona wakitazamana. Watasema: Mwalimu, wewe ni kijana, hukuziona foleni. Kweli hatukuziona, lakini tumesimuliwa. Baada ya Operesheni Maduka ya mwaka 1976, na khasa baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979, sabuni, sukari na unga vilipokuwa adimu, mwuza duka ndiye aliyekuwa mfalme. Katika maduka ya umma mteja alisimama tangu alfajiri, akajibiwa "Hakuna" na mtu aliyekuwa akinyoa kucha, na khanga zikitoka kwa mlango wa nyuma. Kilio hicho ni cha haki. Hata leo wako watumishi wavivu, wenye kununa, wanaozungumza na simu huku mteja amesimama, na wako wanaoongeza sifuri kwenye hesabu. Mtumishi wa namna hiyo ana mwajiri, mshitakini kwake. Lakini tuwe wakweli. Yule binti wa chini ya mwembe hakuwa amezaliwa wakati wa foleni. Hawezi kulipa deni la mwuza duka wa mwaka 1981.

Sasa tuseme jinsi kazi hizi zilivyo leo, maana wengi wetu tunazijua kutoka upande wa meza tu. Sisi tunaosema nanyi tulibeba sahani likizo mbili tulipokuwa chuo cha ualimu, katika hoteli moja karibu na stendi ya mabasi. Jina lake tunalihifadhi. Tuliingia saa kumi na moja alfajiri na kutoka saa nne usiku. Chakula chetu kilikuwa kile kilichobaki. Miguu ilivimba mpaka viatu vikakataa. Lakini tuamini, ndugu zetu, si miguu tunayoikumbuka. Twakumbuka abiria mmoja aliyevaa suti, aliyekula ugali na samaki mzima, akamaliza mpaka mifupa, kisha akasema samaki alikuwa ameoza na hatalipa. Mwenye hoteli hakubishana naye, mfalme habishiwi. Samaki alikatwa kwetu. Siku tatu tulifanya kazi kumlipia mtu yule chakula cha mchana, naye alikuwa amekwisha fika kwake.

Hilo la kukatwa ndilo baya kuliko yote, na wengi hawalijui. Dukani huitwa shoti. Fedha ikipungua kwenye mtoto wa meza jioni, msichana wa duka hulipa. Mlevi akivunja glasi, dada wa baa hulipa. Mtu akijaza mafuta pikipiki na kukimbia, kijana wa pampu hulipa. Kwa hiyo mwenye kutoroka na bili asijidanganye kwamba amemwibia tajiri. Tajiri hakuibiwa hata senti.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikubali mambo haya yaende ovyo. Yasema mwajiri asimkate mfanyakazi kwa hasara isipokuwa hasara hiyo imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe, tena apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara. Sheria hiyo hiyo yataja saa 9 kwa siku na saa 45 kwa juma kuwa mwisho wa saa za kawaida, na mapumziko ya saa moja kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Ulizeni katika vibanda vya chipsi na mabaa ya mji huu ni wangapi wanazijua saa hizo. Wengi hawana hata karatasi ya mkataba. Chama chao cha wafanyakazi kipo, CHODAWU, lakini binti wa mama ntilie atakipata wapi, na yule mama mwenyewe ni maskini kama yeye? Huko kwenye vibanda sheria haina miguu ya kufika. Panapofika ni tabia yetu sisi.

Juu ya wanawake tuseme waziwazi, na wenye haya watusamehe. Dada wa baa si sehemu ya bia. Ameajiriwa alete chupa, afungue, apokee fedha na kurudisha chenji. Mtu anayenunua chupa moja kisha akashika kiuno cha mleta chupa anachukua kitu ambacho hakuuziwa. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 imeliingiza jambo la kumbughudhi mwanamke kwa maneno na vitendo vya aibu katika makosa ya jinai, na haikusema "isipokuwa kwenye baa." Mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wake namba 190 juu ya ukatili na bughudha kazini, na humo halikutaja waajiri tu, liliwataja na watu wa nje wanaokutana na mfanyakazi kazini, yaani sisi wateja. Wako wanaosema, "Mbona yeye alicheka?" Alicheka kwa kuwa anahitaji kazi. Sisi tulipokuwa na trei tulicheka vichekesho vingi ambavyo havikuwa na kichekesho.

Na bakshishi je? Kutoa ni vizuri. Atakayempa binti shilingi 500 na asante hatumkatazi. Lakini bakshishi isitupwe mezani kama mfupa, wala isiwe bei ya kumtukana mtu. Shirika hilo hilo la Kazi Duniani, katika mkataba wake wa mwaka 1991 juu ya wafanyakazi wa mahoteli, lilisema kwamba mtumishi apate mshahara wa msingi wa kulipwa kila mara, iwapo bakshishi ipo au haipo. Watu wa Pullman wangeelewa mara moja kwa nini.

Kwa kuwa tulisomea ualimu, turuhusiwe somo dogo la Kiswahili. Lugha yetu ina njia nyingi za kutaka kitu. "Naomba chai." "Nipatie chai." "Nipe chai." "Lete chai." "Chai!" Na ile ya mwisho, isiyo na neno hata moja: kidole kupigwa, glasi kugongwa kwa kijiko, au "psss" ya kumwitia paka. Mwenzetu mmoja hapa alituambia kwamba "naomba" ni neno la ombaomba, na mwenye fedha haombi. Hakuelewa lugha yake. Mswahili asema "naomba maji" ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwa mtoto aliyemzaa mwenyewe, na maji ni yake. Neno hilo halisemi kwamba huna kitu, lasema kwamba unamwona yule unayesema naye. Tena kabla ya kuomba iko salamu. Bibi zetu waliingia dukani wakasema hodi, wakaamkiana na mwenye duka, wakaulizana hali ya watoto, ndipo wakataja nusu kibaba cha mchele. Leo mtu aingia na simu sikioni, atupa noti kwenye kaunta, na akipewa chenji haangalii uso uliompa. Mzee wa kuni alistahili "Shikamoo" kabla ya maji ya kunawa. Angetoa maji haraka zaidi, sisi twaamini hivyo, lakini hata kama asingetoa haraka, alistahili.

Tusije tukaonekana watakatifu, twaongeza hili. Mwaka mmoja baada ya kutoka chuoni, tukiwa na mshahara wetu wa kwanza mfukoni na shati jipya, tuliingia mkahawani na marafiki. Chakula kilichelewa. Tukapiga makofi mawili ya juu, namna ya kumwita mtumishi. Akaja mzee, akainama, akasema "Samahani, bosi." Tulikuwa tumesahau kabisa miguu iliyovimba na samaki wa yule mtu wa suti. Haikuchukua miaka, ilichukua shati jipya. Kwa hiyo wale waliokosa siku ile chini ya mwembe wasidhani tunawahukumu kutoka mlimani.

Lakini Chama ni kitu kingine. Mtu peke yake akikosa adabu, ni aibu ya nyumbani kwao. Sisi tuliingia pale 23, wengine mmevaa sare na kofia za Chama, na kadi mifukoni. Binti yule hakusikia hotuba zetu za asubuhi juu ya mnyonge, alikuwa akipika. Hotuba aliyoipata ni ile ya mchuzi kwenye kanga. Wiki hii tumepita vibanda vile kuandikisha wanachama wapya. Katika vibanda sita tumepata watu wawili. Mmoja wa waliokataa alituambia, "Chama chenu nakijua, hula hapa." Mnaona sasa, Ndugu Mwenyekiti, kwamba hatukutoka nje ya habari tuliyopangiwa.

Basi tumefanya hivi. Jana tulikwenda chini ya mwembe, tukamwomba yule mama asimkate binti mpaka jioni ya leo, naye amekubali. Tulimwuliza binti jina lake, na yule mzee jina lake, na majina hayo tumeyaandika ubaoni nyuma yetu. Tunakula pale mwaka wa tatu sasa, na hatukuwa tumewahi kuuliza. Daftari la kurasa 32 tumeazimwa, liko hapa mezani karibu na bakuli. Hatutaita majina ya waliokula sahani 9. Ya kwetu ilikuwa imelipwa, lakini tumetia shilingi 5,000 kwa ajili ya kunyamaza kwetu. Zimebaki 17,500, na fedha ya kanga. Mkutano ukifungwa saa kumi na moja, tutakwenda pamoja kuzipeleka, na yule aliyemwagia mchuzi, na yule aliyeshika mkono, na yule aliyeita boi, watatangulia mbele, maana pale kuna maneno ambayo Chama hakiwezi kuwasemea.

Bakuli hili hapa. Anayeanza na aje.